Umri wa Mbu: Kwa Nini Hisabati Huaminiwa Kwenye Leza na Kutiliwa Shaka Kwenye Malaria

*Milinganyo inayotabiri mwendo wa mwanga ndani ya fuwele na ile inayotabiri maambukizi kijijini ni ya ukoo mmoja. Ya kwanza huongoza leza ndani ya jicho la mgonjwa, ilhali ya pili imebishaniwa tangu Kampala mwaka 1950 hadi leo.*

Mbu jike wa jamii ya Anofelesi anayenyonya damu ya mgonjwa wa malaria usiku wa leo hawezi kumwambukiza mtu atakayemuuma kesho, kwa sababu vimelea alivyovimeza huhitaji kati ya siku 10 na wiki mbili hivi, kutegemea joto la mahali, ili vikue ndani ya mwili wake na kufika kwenye tezi za mate. Kwa hiyo kinachoamua kama ugonjwa utaenea au utafifia si wingi wa mbu peke yake, bali ni wangapi kati yao watakuwa bado hai siku hizo zikitimia.

Ikiwa katika kila mbu 100 wanaouona usiku mmoja 90 huuona na wa pili, baada ya siku 10 watakuwa wamebaki 35 hivi. Ikiwa wanaovuka ni 80, watabaki 11 tu. Hesabu ikiongezewa siku ambazo hao waliobaki wataendelea kuishi na kuuma, tofauti hiyo inayoonekana ndogo hupunguza uwezo wa mbu kueneza malaria kwa karibu mara saba.

Hapo ndipo ulipo mgogoro unaozungumziwa katika makala haya. Namba inayoleta tofauti ya mara saba katika mipango ya afya ya taifa ni namba ambayo hadi leo hakuna njia rahisi ya kuipima kijijini, na wanaopanga bajeti hulazimika kuamua kwa kutegemea modeli za kihisabati ambazo ndani yake namba hiyo imekisiwa.

Kisichokwenda kwa mstari

Modeli ya kihisabati ni maelezo ya jambo halisi kwa lugha ya milinganyo, yaliyoandikwa ili mtu aweze kuuliza kitatokea nini kabla hakijatokea. Modeli zilizo rahisi zaidi ni zile za mstari mnyoofu, ambazo ndani yake matokeo huongezeka sawasawa na chanzo: anayenunua kilo mbili za sukari hulipa mara mbili ya anayenunua kilo moja.

Maambukizi hayafuati mstari huo. Idadi ya mbu ikipunguzwa nusu, uenezaji hupungua nusu. Lakini kasi ya kuuma watu ikipunguzwa nusu, uenezaji hubaki robo, kwa kuwa mbu lazima aume mara mbili, mara ya kwanza ili apate vimelea na mara ya pili ili avitoe. Uhai wa mbu nao huingia katika hesabu ukiwa umezidishwa wenyewe kwa wenyewe mara nyingi kama zilivyo siku za kukua kwa kimelea, ndiyo maana badiliko dogo hapo huzaa badiliko kubwa kule.

Mwanga nao una tabia hiyo, ingawa wanafizikia walichelewa kuiona kwa sababu taa zote zilizokuwapo kabla ya mwaka 1960 zilikuwa dhaifu mno. Mwanga wa kawaida ukipita katika kioo hutoka na rangi ileile ulioingia nayo, na ukiongezwa mara mbili hutoka mara mbili. Tawi la fizikia linaloitwa optiki isiyo ya mstari huchunguza kinachotokea pale mwanga unapokuwa mkali kiasi cha kuibadili maada unamopita, hata maada hiyo ikaanza kutoa rangi ambayo haikuingia.

Hesabu za Ross

Daktari Mwingereza Ronald Ross ndiye aliyethibitisha nchini India, Agosti 1897, kwamba vimelea vya malaria hukua ndani ya mbu, na kazi hiyo ikampatia Tuzo ya Nobel mwaka 1902. Wengi humkumbuka kwa hilo tu. Yeye mwenyewe aliipa uzito mkubwa kazi yake iliyofuata, ambamo alijaribu kuonyesha kwa milinganyo kwamba malaria inaweza kukoma bila kumuua mbu wa mwisho.

Hoja yake inaeleweka bila alama za aljebra. Katika kijiji chenye mgonjwa mmoja, baadhi tu ya mbu watamuuma huyo, baadhi tu ya hao wataishi muda wa kutosha, na baadhi tu ya watakaoishi watapata mtu mwingine wa kumuuma. Ikiwa mgonjwa mmoja, katika muda wote wa ugonjwa wake, anazalisha wastani wa mgonjwa mpya zaidi ya mmoja, ugonjwa utaendelea. Ikiwa ni pungufu ya mmoja, utajifia wenyewe. Wastani huo ndio wataalamu wanaouita namba ya msingi ya uambukizaji, na moja ndiyo kizingiti.

George Macdonald, aliyeongoza Taasisi ya Ross jijini London, aliichukua hoja hiyo katika miaka ya 1950 na kuonyesha kwamba ndani ya mlinganyo wote hakuna kitu chenye nguvu kama uhai wa mbu aliyekomaa. Kufukia madimbwi hupunguza idadi, na faida yake ni ya mstari. Dawa iliyopakwa ukutani, ambako mbu hupumzika baada ya kushiba damu, hufupisha maisha yake na faida yake huongezeka kwa kuzidishana. Mwaka 1955 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani uliofanyika Mexico uliamua kuitokomeza malaria kwa kupulizia dawa ya DDT majumbani, na hesabu za Macdonald ziliupa mpango huo uti wa mgongo wa kinadharia.

> Kufukia madimbwi hupunguza idadi ya mbu. Dawa ya ukutani hufupisha maisha yao. Katika mlinganyo, mambo hayo mawili hayana uzito sawa hata kidogo.

Mwanga usiokosea

Upande wa mwanga, safari ilikuwa fupi na yenye mafanikio yanayoweza kumtia wivu mtaalamu yeyote wa magonjwa. Mwaka 1931 mwanafizikia Maria Göppert-Mayer alichapisha hesabu alizozifanya Göttingen nchini Ujerumani, zilizoonyesha kwamba atomu inaweza kumeza fotoni mbili kwa mpigo, yaani chembe mbili za mwanga ambazo kila moja peke yake haina nguvu za kutosha kuiamsha. Hakukuwa na taa duniani yenye ukali wa kuthibitisha jambo hilo. Leza ya kwanza iliwaka mwaka 1960, na mwaka uliofuata utabiri huo ukathibitishwa, ukiwa umesubiri miaka 30 bila kuhitaji kurekebishwa.

Mwaka huohuo wa 1961, Peter Franken na wenzake katika Chuo Kikuu cha Michigan walipitisha mwanga mwekundu wa leza ya rubi, wenye urefu wa wimbi wa nanomita 694, katika fuwele ya kwatzi, nao ukatoa kiasi kidogo sana cha mwanga wa urujuanimno wenye nusu ya urefu huo. Alama yake kwenye picha ilikuwa nukta hafifu kiasi kwamba jarida lilipoichapisha, nukta ilifutwa kwa kudhaniwa kuwa doa la uchafu, ukabaki mshale unaoelekeza patupu.

Nicolaas Bloembergen na wenzake wa Harvard walitoa nadharia kamili ya jambo hilo mwaka 1962 wakianzia kwenye milinganyo ya Maxwell ya umeme na sumaku, na tangu hapo uwezo wa fuwele kugeuza rangi ya mwanga umekuwa kitu cha kutafutwa katika jedwali. Kalamu ya leza ya kijani inayotumika kuelekeza ubaoni hufanya kazi kwa kanuni hiyo: ndani yake mwanga usioonekana wa nanomita 1064 hupita katika fuwele ndogo na kutoka ukiwa kijani wa nanomita 532.

Kanuni hizo zimeingia hospitalini kwa njia ambayo mgonjwa haiwazi. Mtu aliyefanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho huweza baada ya miezi au miaka kuona ukungu tena, kwa kuwa utando ulioachwa nyuma ya lenzi bandia umepoteza uangavu wake. Daktari huutoboa kwa mapigo ya leza yanayopita katika sehemu ya mbele ya jicho bila kuijeruhi, kwa sababu mwanga huo hausababishi badiliko lolote hadi ufike kwenye kitovu ulikokusanywa, na hapo tu ukali wake huvuka kizingiti na kupasua tishu.

Leza zenye mapigo mafupi zaidi, ya sehemu moja ya milioni ya sehemu moja ya bilioni ya sekunde, hutumika kukata konea kwa usahihi mkubwa zaidi. Mbinu ya kuyakuza mapigo kama hayo ilichapishwa mwaka 1985 na Donna Strickland na Gérard Mourou, waliotunukiwa Nobel mwaka 2018. Katika kazi zote hizi kizingiti kinajulikana, nacho hakibadiliki kwa sababu mvua imenyesha au bei ya vyandarua imepanda.

Kampala, Pare na Garki

Wataalamu wa malaria hawakuwa na bahati hiyo. Mwaka 1950, katika mkutano wa malaria uliofanyika Kampala, waligawanyika pande mbili. Upande mmoja ulitaka upulizaji uanze mara moja popote malaria ilipo. Upande wa pili, uliokuwa na watafiti waliofanya kazi miaka mingi Afrika, akiwamo Bagster Wilson wa Tanganyika, ulitahadharisha kwamba mtu mzima anayeishi katika maambukizi ya kudumu hujenga kinga kwa gharama ya kuumwa utotoni, na kwamba kuyakata maambukizi kwa miaka michache kisha kuyaacha yarudi ni kuwanyang'anya watu kinga hiyo bila kuwapa kitu kingine.

Mkutano uliegemea upande wa kwanza. Kuanzia mwaka 1954 hadi 1959 mradi wa Pare na Taveta, uliovuka mpaka wa Tanganyika na Kenya, ulijaribu dawa ya dieldrini majumbani. Maambukizi yalishuka sana bila kukatika, na upulizaji uliposimamishwa yakarudi hatua kwa hatua.

Jaribio lililoufunza uwanja huu kuliko yote lilifanyika Garki, kaskazini mwa Nigeria, kati ya 1969 na 1976, wakati Shirika la Afya Duniani lilipokuwa tayari limeachana na lengo la kuitokomeza malaria kila mahali kwa tarehe maalumu. Dawa iliyopulizwa ilipunguza uwezo wa mbu kueneza ugonjwa kwa kiasi cha asilimia 90. Idadi ya watu wenye vimelea kwenye damu ilipungua kwa takriban robo tu.

Kwa mtu aliyezoea hesabu za mstari, matokeo hayo ni fumbo. Kwa aliyesoma mlinganyo ni jambo la kutarajiwa. Mahali ambapo mgonjwa mmoja angeweza kuzalisha wagonjwa 200, kupunguza asilimia 90 huacha 20, na 20 bado ni mara ishirini ya kizingiti, kwa hiyo karibu kila mtu ataendelea kuambukizwa ingawa atasubiri kidogo zaidi. Modeli haikuwa imedanganya. Waliodanganyika ni waliotumia hitimisho lake mahali ambapo namba zake zilikuwa nyingine kabisa, na ambako mbu wengi walikuwa wakipumzika nje ya nyumba zilizopuliziwa.

> Asilimia 90 ya uenezaji iliondolewa Garki, na bado watu watatu kati ya wanne waliokuwa na vimelea waliendelea kuwa navyo.

Garki ilizaa pia modeli mpya, ya Klaus Dietz, Louis Molineaux na mwenzao, iliyoiingiza kinga ya mwili katika hesabu. Kwa maneno mengine, hoja ya Wilson iliyoshindwa Kampala ilirudi miaka 24 baadaye ikiwa imevaa alama za aljebra, na ni jambo la kusikitisha kidogo kwamba ilihitaji vazi hilo ili isikilizwe.

Chandarua cha nani?

Mabishano yaliyowagusa Watanzania wengi zaidi yalihusu vyandarua vyenye dawa. Tangu mwaka 2004 mpango wa Hati Punguzo ulimpa mama mjamzito hati kliniki ili anunue chandarua dukani kwa bei nafuu, kwa mantiki kwamba wajawazito na watoto wadogo ndio wanaokufa zaidi na hivyo wakingwe kwanza.

Mwaka 2007 Gerry Killeen na wenzake, wakiwamo watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara, walichapisha modeli iliyoipinga mantiki hiyo kwa pembeni. Chandarua chenye dawa, walieleza, hakimkingi aliyelala ndani yake tu, bali humfupishia mbu maisha, na hivyo humkinga hata jirani asiye na chandarua. Kwa hesabu zao, kati ya asilimia 35 na 65 ya watu wote wakitumia vyandarua, watoto wasio navyo hupata kinga inayokaribia ile ya kulala ndani ya chandarua chenyewe. Mzee na kijana, ambao damu yao ndiyo chakula kikubwa cha mbu kijijini, wakaingia katika hesabu ya kumwokoa mtoto.

Waliotetea mpango wa awali hawakuwa wajinga. Fedha zilikuwa chache, na chandarua alichopewa mwanamume mwenye kinga ya miaka 30 ni chandarua ambacho mtoto fulani alikikosa, huku faida ya jirani ikiwa bado ni namba iliyotoka kwenye mlinganyo. Hata hivyo, mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani lilipendekeza vyandarua kwa watu wote walio hatarini, na Tanzania ikafanya kampeni ya kugawa vyandarua kwa kila kaya mwaka 2010 na 2011.

Namba zilizotiwa katika modeli ya 2007 hazikubaki zilivyokuwa. Mbu wamejenga usugu dhidi ya dawa za vyandarua, wengine huuma mapema jioni watu wakiwa bado uani, na katika bonde la Kilombero mbu aina ya funestus ndiye anayebeba sehemu kubwa ya maambukizi. Fuwele ya kwatzi iliyopimwa mwaka 1961 ni ileile leo. Mbu wa Kilombero si yuleyule.

Makundi manne, majibu mengi

Wanasayansi wa modeli wamelijibu tatizo hili kwa njia tatu. Baadhi yao hujenga modeli kubwa zinazomfuata kila mtu wa kubuni kijijini tangu kuzaliwa hadi kufa, zikiwa na makumi ya vipimo vya kukadiria. Wapinzani wao hupendelea modeli ndogo ambayo mtu anaweza kuisoma kwenye ukurasa mmoja, wakihoji kwamba modeli yenye vipimo vingi mno inaweza kulazimishwa ikubaliane na takwimu zozote.

Njia ya tatu, ambayo pengine ndiyo yenye uaminifu zaidi, ni kuyapa makundi mbalimbali swali moja. Chanjo ya malaria ya RTS,S, iliyojaribiwa katika vituo 11 vya nchi 7 za Afrika, vikiwamo Bagamoyo na Korogwe nchini Tanzania na Kilifi nchini Kenya, ilipelekwa kwa makundi manne ya modeli yaliyofanya kazi kila moja kwa milinganyo yake. Kadirio la katikati lilikuwa vifo 484 vitakavyoepukwa katika kila watoto 100,000 watakaopata dozi nne, lakini upana wa majibu ulianzia 189 hadi 859, kutegemea modeli na wingi wa maambukizi ya mahali.

Mtu anaweza kuuona upana huo kama aibu. Ni sahihi zaidi kuuona kama taarifa, kwa kuwa waziri anayejua kwamba hata jibu la chini kabisa lina thamani anaweza kuamua bila kungoja wataalamu waafikiane. Chanjo hiyo ilipendekezwa na Shirika la Afya Duniani Oktoba 2021, baada ya matumizi ya majaribio Ghana, Kenya na Malawi.

Uviko-19 uliongeza ugumu ambao mwanga hauujui. Machi 2020 kundi la Chuo cha Imperial jijini London lilikadiria vifo 510,000 Uingereza iwapo hakuna hatua ambayo ingechukuliwa. Hatua zikachukuliwa, na hivyo sharti la utabiri likavunjwa na utabiri wenyewe. Fotoni haisomi gazeti na kubadili mwendo. Nchini Tanzania tatizo lilikuwa jingine: baada ya kutangazwa wagonjwa 509 na vifo 21 mwanzoni mwa Mei 2020, takwimu hazikuchapishwa tena kwa zaidi ya mwaka, na modeli yoyote iliyoandikwa kuhusu nchi hiyo ilibaki mlinganyo usio na chakula.

Mwanga unapomrudia mbu

Nyanja hizi mbili hukutana ndani ya kimelea chenyewe. Kimelea cha malaria kinapokula himoglobini ya damu hubaki na sumu ya chuma, nacho hujikinga kwa kuigeuza kuwa vijifuwele vya rangi ya kahawia vinavyoitwa himozoini. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha McGill nchini Kanada walionyesha kwamba vijifuwele hivyo, vikipigwa kwa leza ya mwanga usioonekana, huunganisha fotoni tatu na kutoa moja yenye nguvu mara tatu, hivyo seli yenye kimelea hung'aa bila kutiwa rangi yoyote. Njia hiyo ni nyeti sana, na kwa zahanati ya kijijini haina matumizi, kwa sababu leza yake ni ghali na kipimo cha haraka cha tone la damu kinapatikana.

Matumaini makubwa zaidi yako katika mwanga wa kawaida, usio na maajabu ya fotoni tatu. Kwa miongo mingi umri wa mbu umekisiwa kwa kumpasua chini ya hadubini na kutazama kama mirija midogo ya hewa kwenye ovari yake imekunjuka, dalili kwamba amewahi kutaga mayai. Ni kazi ya macho makali na mikono mitulivu, na jibu lake ni ndiyo au hapana, bila idadi ya siku.

Watafiti wa Ifakara, wakishirikiana na wenzao wa Glasgow na Burkina Faso, wamekuwa wakijaribu njia nyingine: mbu aliyekaushwa huwekwa kwenye kifaa kinachopitisha mwanga wa infraredi, na kwa kuwa protini, nta na kitini cha gamba lake hubadilika kadiri anavyozeeka, kiasi cha mwanga kinachomezwa katika kila urefu wa wimbi huacha alama ambayo programu ya kompyuta hufundishwa kuisoma kama umri. Kipimo kimoja huchukua muda mfupi na hakihitaji kemikali, kwa hiyo uhai wa mbu, yaani namba ileile ya Macdonald, ungeweza kupimwa kijiji kwa kijiji, kabla na baada ya vyandarua kugawiwa.

Kikwazo kimejitokeza palepale kilipotarajiwa. Ili programu ifunzwe, inahitaji mbu ambao siku yao ya kuzaliwa inajulikana, na hao ni wale waliofugwa maabara, wanaolishwa maji ya sukari katika joto na unyevu usiobadilika. Programu iliyofuzu kwa mbu hao hupungukiwa usahihi inapoletewa mbu wa kundi jingine, hata wa maabara nyingine, na mbu aliyekamatwa kwenye nyumba ya nyasi kando ya shamba la mpunga, akiwa ameumbwa na mvua ya msimu wake na damu aliyoipata, hana cheti cha kuzaliwa cha kusahihishia jibu lake.